Acheni kutuambia "ini litachuja"! Tipitipi na mbarika si sumu ya kuchujwa

Wadau wa Malindi na Lamu, hili limezidi. Mtoto akitafuna tipitipi (zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi) au mbegu ya mbarika (mbono), ushauri ni ule ule: mpeni maziwa, anywe maji mengi, ini litachuja na figo zitatoa. Nani kawafundisha?

Abrini, sumu ya tipitipi, na risini, sumu ya mbarika, ni protini zenye vipande viwili vilivyoshikana. Kimoja hunata kwenye sukari za ukuta wa seli, cha pili kikishaingia huharibu ribosomu, viwanda vya protini ndani ya seli, seli ikashindwa kujitengenezea protini, ikafa. Sasa tazameni ini. Risini yenyewe imebeba sukari ya manosi, na seli za Kupffer, wale wasafishaji wa ini wanaomeza uchafu wa damu, pamoja na zile zinazotandika vijia vya damu vya ini, zina vipokezi (vinasio) vya manosi. Basi huidaka na kuimeza. Hao wasafishaji mnaowategemea ndio wanaokufa mwanzo!

Figo nazo: risini nzima, yenye uzito wa kilodaltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 60 na zaidi, hupenya chujio kwa shida. Kipande kinachoua, cha kilodaltoni 30 hivi, kikiwa peke yake hupenya, lakini mirija ya mwanzo ya figo hukinasa na kukiingiza ndani ya seli zake. Maji hayakioshi. Dripu anayotundikiwa mgonjwa ni ya kufidia maji aliyotapika na kuharisha, maana presha ikianguka figo hukosa damu.

Dawa ya kuvunja sumu hii hakuna. Msimtapishe. Mkimbizeni hospitali pamoja na mbegu zilizobaki. Mkaa wa dawa, unga mweusi unaonasa sumu tumboni, hufaa zaidi ndani ya saa moja, kabla hajaanza kutapika. Dalili za mbarika mara nyingi hutokea ndani ya masaa 10, za tipitipi huweza kuchelewa zaidi. Kwa hiyo nanyi wa zahanati, kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo) ya kwanza ikiwa nzuri msimrudishe mtoto nyumbani! Hupanda baada ya figo kuumia, si kabla. Rudieni kipimo, na cha vimeng'enya vya ini pia.

Na nyinyi mnaouza bangili za tipitipi ufuoni: mbegu nzima ikimezwa bila kutafunwa mara nyingi hutoka ilivyo, kwa ugumu wa gamba lake. Za kwenu mmezitoboa. Gamba halilindi tena, na mnamvisha mtoto anayeota meno, kila kitu kinywani. Tungeni ushanga wa kioo.