Re: Kuhamia Conques, Aveyron: kuna anayekaa huko?

Assalaam aleikum, hamjambo nyote.

Mke wangu amepata kazi ya kuhudumia wazee huko Aveyron, kusini mwa Ufaransa, na nyumba ya kupanga tuliyoimudu bei yake iko Conques. Sisi tumezoea Lyon, metro mlangoni na duka chini ya ngazi. Nimetazama picha, kijiji kizuri mno, lakini picha haziniambii mtoto atafikaje shule wala majirani ni watu wa namna gani. Mwenye kujua anifahamishe.

Mdogo wenu, Lyon

---

Waaleikum salaam mdogo wangu,

Mimi ni mzaliwa wa Lamu, na Conques huu ni mwaka wangu wa tisa. Nianze na la gari, maana bila gari utakwama. Treni haifiki, stesheni utakayoitegemea iko Rodez, karibu kilomita 40 kwa barabara ya kona tupu. Nyama ya halali nafuata huko huko. Kumwandikisha mtoto shule ya msingi unaanzia ofisi ya meya, na hapo hapo uulizie basi la shule. Tangu 2016 Conques imeunganishwa na vijiji jirani ikawa Conques-en-Rouergue, na wote kwa pamoja hawafiki watu 2,000. Kwa hiyo utakayemkuta ofisini leo, kesho utamkuta kwa mwoka mikate. Msalimie kwanza, ndipo useme shida yako. Hilo hata Lamu tunalijua.

Kijiji kimejishikiza ubavuni mwa mlima, mahali kijito cha Ouche kinapoingia mto Dourdou. Jina lake linatokana na neno la Kilatini concha, yaani kombe, na ukisimama ng'ambo ya bonde utaona kweli ardhi imebonyea kama kombe. Njia ni nyembamba, zimetandazwa mawe, zinapanda na kushuka. Mapaa yameezekwa kwa mawe bapa wanayoyaita lauze, yamepangwa kama magamba ya samaki. Siku ya mvua yanang'aa kama fedha. Viatu vya soli laini viache Lyon.

Sasa sikiliza hili kwa makini, maana mimi lilinigharimu. Kanisa la Sainte-Foy ni la karne ya 11 na ya 12, na tangu 1998 limo katika urithi wa dunia wa UNESCO pamoja na njia za mahujaji Wakristo waendao Santiago de Compostela, Hispania. Ufaransa, nyumba iliyo ndani ya mita 500 kutoka jengo la kihistoria lililohifadhiwa kisheria haibadilishwi sura ya nje bila Architecte des Bâtiments de France, msanifu wa serikali, kutoa kauli yake. Na Conques nyumba zote zimebanana pale pale kanisani. Madirisha yetu yalikuwa yameoza. Fundi mmoja akatuhakikishia kwamba kibali si lazima, akatutilia ya plastiki meupe. Haikupita muda barua ikaja: yatolewe. Tukatia ya mbao, yenye vioo vidogo vidogo, tukalipa mara mbili. Kwa hiyo dishi la televisheni, rangi ya mlango, hata kibaraza, usiguse kabla ya kupeleka maombi ofisi ya meya na kungoja jibu. Hesabu miezi 2.

Nilikasirika sana wakati ule. Jirani yangu, bibi mzee, ndiye aliyenituliza. Alinihadithia jinsi wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa watu wa hapa walivyoficha hazina ya kanisa majumbani mwao isiyeyushwe, kisha wakairudisha. Sanamu ya dhahabu ya mtakatifu Foy ipo hadi leo kwa sababu hiyo. Bibi aliyasema kana kwamba mama yake mwenyewe ndiye aliyeficha. Nikakumbuka Mkomani, mtaa wetu wa kale kule Lamu, jinsi wazee wetu wanavyougombania mlango mmoja wa kuchonga.

Ukifika, tazama juu ya lango kuu. Kuna watu 124 wamechongwa kwenye jiwe, Siku ya Hukumu: bahili ananing'inizwa na mfuko wake wa pesa shingoni. Lakini mimi nawapenda wale wadogo wa ukingoni, wanaoonekana nyuso na vidole tu, wanachungulia kama watoto nyuma ya pazia. Ndani, vioo vya madirisha 104 ni kazi ya mchoraji Pierre Soulages, mzaliwa wa Rodez, vilivyomalizika 1994. Havina rangi wala picha. Asubuhi mwanga hupita wa buluu, jioni ukawa wa chungwa. Mimi Mwislamu, lakini huingia nikakaa kimya.

Kuni za kupashia nyumba joto huuzwa kwa stère, yaani mita 1 ya ujazo. Agiza mapema, ziwe kavu.

Dada yenu, Conques

---

Ahsante sana dada. Naongezea kutoka Decazeville, mji wa jirani: usiogope chakula. Huku wana estofinado, samaki mkavu wa Norwe aliyelowekwa siku kadhaa, akapondwa na viazi, mayai na mafuta ya jozi. Mtu wa pwani aliyekula ng'onda hatakishangaa. Hospitali ipo hapa na nyingine Rodez. Nambari ya simu ya dharura ni 15. Na katika mkataba wa nyumba, hakikisha imeandikwa nani analipia madirisha.

Kaka yenu

---

Dada, kaka, Mungu awalipe. Tunafikiria kuja kuiona Agosti, wakati wa likizo.

Mdogo wenu, Lyon

---

Agosti usije, mdogo wangu. Utakuta wageni wamejaa na kila duka wazi, utadhani ndivyo mwaka mzima. Njooni Novemba, siku ya kazi, ukungu ukiwa bado bondeni, mfike saa mbili asubuhi mnunue mkate. Mtalala kwangu.

Dada yenu, Conques