Mboni ya jicho langu ni mali yangu, au ni haki yangu tu?

MwanaMvita (Mombasa)

Wanajukwaa, natumaini hamjambo. Tangu Mei 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilipoamuru Worldcoin, mradi wa sarafu za kidijitali, ifute ndani ya siku 7, chini ya uangalizi wa Kamishna wa Data, alama za kibayometria (alama za mwili, kama picha ya mboni) ilizokusanya kwa Wakenya, nimekuwa nikijiuliza jambo ambalo hukumu ile haikulazimika kulijibu. Mwaka 2023 watu walipanga foleni, wakalikodolea macho lile tufe linalopiga picha mboni, wakaondoka na sarafu za kidijitali ambazo wakati ule zilikaribia thamani ya shilingi 7,000. Jaji Roselyne Aburili aliona kwamba ridhaa iliyovutwa kwa kishawishi cha namna hiyo haikuwa ridhaa halali, na hapo sina ubishi naye.

Ninalouliza ni hili: mboni ya jicho langu ni mali yangu au si mali yangu? Ikiwa ni mali yangu, nani wa kunizuia kuiuza kwa bei niitakayo, kama ninavyouza nazi zangu? Na ikiwa si yangu, ni ya nani? Nasikia kwamba miaka ijayo kila mtu atamiliki taarifa zake na kuzikodisha kwa kampuni, naye atalipwa kila mwezi. Je, hilo ni la kutarajiwa, au ni maneno matamu ya wafanyabiashara?

Wakili_Likoni

Ndugu MwanaMvita, Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haikujengwa juu ya umiliki. Kifungu cha 26 kinakupa haki ya kuelezwa data yako itatumiwaje, kuiona, kupinga isichakatwe, na kusahihishiwa au kufutiwa ile iliyo ya uongo au ya kupotosha. Kifungu cha 38 kinakuruhusu kuihamisha kutoka kwa mtoa huduma mmoja hadi kwa mwingine. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inamtambua mtu kuwa mhusika wa taarifa, si mwenye mali.

Usidhani tofauti hiyo ni ya wanasheria kupenda maneno. Nazi ukishaiuza imekwenda, na mnunuzi akiikuna au akiitupa huna la kumwambia. Ridhaa uliyoitoa leo juu ya data yako, kinyume chake, unaweza kuiondoa kesho, na anayeishika data hiyo analazimika kukusikiliza. Sisi watu wa pwani tunao mfano wa karibu, nao ni wakfu: shamba la wakfu lina wanaofaidi matunda yake kizazi baada ya kizazi, lakini hakuna hata mmoja wao awezaye kulipeleka sokoni. Ningependa data ya mwili ichukuliwe hivyo. Mtu mwenye njaa akiruhusiwa kuuza mboni yake moja kwa moja, bei itapangwa na njaa, na foleni za 2023 zimetuonyesha bei hiyo.

Mstaafu_Kisumu

Wakili, mfano wako wa wakfu ni mzuri, ila umemsahau msimamizi. Mashamba mangapi ya wakfu yamepotea mikononi mwa wasimamizi? Mimi hofu yangu haiko kwa kampuni peke yake.

Vijana wa siku hizi huita kitambulisho kipande bila kujua neno hilo lilitoka wapi. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia: kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alitakiwa kuchukua karatasi yenye alama za vidole vyake, akaitia ndani ya kikasha cha chuma na kuivaa shingoni. Humo mwajiri aliandika siku za kazi na mshahara, na asipotia sahihi ya kumwachilia, mtu huyo hakuweza kuajiriwa kwingine kihalali. Alikibeba yeye, jasho lake likakitia kutu, lakini kilimtumikia mwingine. Kwa hiyo nikiambiwa kwamba siku zijazo nitabeba utambulisho wangu mwenyewe ndani ya simu, swali langu la kwanza ni nani mwenye uwezo wa kuuzima.

FundiMifumo_Dar

Shikamoo Mzee. Swali lako ndilo linalotugawa sisi tunaojenga mifumo hii.

Kwanza nimjibu mwuliza swali. Neno la siri likiibwa, unaweka jingine kabla chai haijapoa. Mboni ikiibwa, utaomba nyingine wapi? Kwa sababu hiyo mfumo ulio bora ni ule usiohifadhi alama ya mwili mahali pamoja, na usiotoa zaidi ya kinachoulizwa. Anayetaka kujua kama umetimiza miaka 18 hana haja ya tarehe yako ya kuzaliwa, sembuse jina la kijiji chako. Leo kriptografia, yaani hesabu za kuficha na kuthibitisha taarifa, inawezesha simu yako kutoa jibu la ndiyo au hapana lililotiwa muhuri na mamlaka iliyokusajili, bila mamlaka hiyo kujua umelionyesha wapi. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake ya mwaka 2024, umezitaka nchi wanachama ziwape raia pochi za kidijitali za namna hiyo ifikapo mwisho wa 2026. India ilipita njia nyingine: ilianza na namba moja ya kudumu yenye tarakimu 12 kwa kila mkazi, na mwaka 2018 ndipo ikaongeza namba ya muda yenye tarakimu 16, ambayo mtu anaweza kuibadilisha ili ile ya kudumu isizagae.

Lakini Mzee, kuzima kupo. Aliyetia muhuri anaweza kuufuta, na hakuna hesabu itakayomzuia. Hilo ni la katiba na mahakama. Sisi mafundi tunaweza tu kuhakikisha kwamba akizima, alama inabaki ya nani alizima na lini.

MamaLaini_Moro

Kaka zangu, mimi ni wakala wa laini za simu Morogoro, na mnazungumza kama kwamba kila mtu ana utambulisho wa kumiliki. Tangu 2020, laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole hufungwa. Huja bibi aliyelima maisha yake yote, vidole vimelainika kama kokoto za mtoni, mashine inakataa mara tano, mara sita. Nampaka mafuta, namfuta, tunajaribu tena. Mfumo wenu mpya utamfanyia nini huyu?

FundiMifumo_Dar

Dada, sina jibu la mashine. Lazima pawepo mtu mwenye mamlaka ya kumtambua bibi huyo kwa njia nyingine, na sheria imlazimishe kufanya hivyo. Mwaka 2020 majaji wa Kenya katika kesi ya Huduma Namba, mpango wa serikali wa kumpa kila mkazi namba moja ya utambulisho, waliligusa jambo hili walipotaja hatari ya kuachwa nje kwa watu wasio na hati.

MwanaMvita (Mombasa)

Ahsanteni nyote. Wakili, naachana na mfano wa nazi. Nibakize dogo moja: katika jengo ninalofanyia shughuli zangu, bawabu huandika daftarini namba ya kitambulisho na ya simu ya kila mgeni. Jana nilimuuliza daftari likijaa hupelekwa wapi, akanijibu bila wasiwasi kwamba huchukuliwa na muuza karanga. Hilo nalo ni data ya sheria hiyo, au sheria inajali kompyuta tu?

Wakili_Likoni

Ni data, maadamu karatasi hizo zimepangwa kama kumbukumbu za wageni. Waandikie wasimamizi wa jengo barua yenye tarehe, uulize wanakusanya kwa lengo gani, wanahifadhi kwa muda gani na wanateketeza vipi, kisha ubaki na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data, ambaye sheria inampa siku 90 kuyachunguza na kuyamaliza. Na ukipata karanga zilizofungwa kwa ukurasa wa daftari hilo, usiutupe. Uambatanishe na malalamiko yako.