Kazi za ndani kwa binti wa miaka 14: tupandishe umri hadi 18?

Wakuu, habari za jioni. Naomba hili tulijadili bila matusi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 5, inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Akitimiza 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumkosesha shule. Mgodini, kiwandani, melini na penginepo penye hatari, mpaka 18. Sheria ya Mtoto ya 2009 ikaongeza kwamba asifanyishwe kazi usiku, yaani saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi.

Sasa njooni uani kwetu, Dar. Tumepanga nyumba moja na familia yenye binti wa kazi aliyeletwa kutoka kijijini Iringa. Mwenyewe anasema ana miaka 14. Saa 11 alfajiri nasikia ndoo zinagongana bombani, maana kukikucha maji yanakatika. Akitoka hapo anapiga pasi sare za watoto wa bosi wake, mmoja yuko kidato cha kwanza, rika lake kabisa. Juzi nilimkuta anafunga kitambaa kidoleni, kimeungua na pasi, mtoto mchanga yuko mgongoni. Saa 5 usiku bado anasubiri kumfungulia geti baba wa familia hiyo.

Ukizitaja moja moja, kazi zote hizo ni nyepesi. Kuosha vyombo, nyepesi. Kubeba mtoto, nyepesi. Kinachomchosha ni saa, na saa za mtu anayelala kazini hazihesabiwi na yeyote. Msimamo wangu: kazi ya ndani ya kulala hukohuko iwe miaka 18, kama mgodini.

Mama Mapacha: Mdogo wangu, uchungu wako nauelewa, ila mimi nilianza kazi za ndani na miaka 15. Baba alishafariki, mshahara wangu ndio uliomsomesha mdogo wangu. Ukimfungia binti mlango huo, hatarudi darasani. Ataishia kuuza baa, au machimboni kushika zebaki kwa mikono mitupu. Mimi nataka mkataba, siku ya kupumzika, na mjumbe wa nyumba kumi ajue kwa jina nani anaishi kwa nani.

Mwalimu wa Zamu: Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) namba 138 wa 1973 unataka umri wa kuajiriwa usiwe chini ya ule wa kumaliza elimu ya lazima, wala chini ya 15. Nchi zenye uchumi mdogo ziliruhusiwa kuanza na 14, nasi tukachukua nafasi hiyo. Lakini sera yetu ya elimu, toleo la 2023, inataka elimu ya lazima miaka 10, kuanzia umri wa miaka 6. Hesabuni: ni 16. Hiyo 14 inasubiri nini?

Mleta mada: Dada Mama Mapacha, la mjumbe nalichukua, lingeanza hata kesho bila kusubiri Bunge. Ila mkataba wa mtoto wa miaka 14 atausimamia nani, na simu yake anashikiwa na bosi? Mwalimu, kwa 16 nitakubali kama hatua ya kwanza.

Jumapili binti aliniuliza kama VETA, vyuo vya ufundi stadi, wanampokea aliyeishia darasa la saba. Anataka ushonaji. Anayejua utaratibu wa sasa aandike hapa, nimemwahidi jibu wiki hii.