Mume yuko Kampala anasafishwa damu, nihamie?

Nyar Nyalenda: Wapendwa, nauza omena (dagaa) soko la Kibuye, Kisumu. Mume wangu Mganda husafishwa damu kwa mashine ya figo mara mbili kwa wiki. Kila Alhamisi napanda basi la usiku, navuka mpaka wa Busia kwa kitambulisho tu, nimshike mkono akiwa kwenye mashine. Mashemeji wanasema nimemtelekeza. Nifunge kibanda?

Baba Tito: Usifunge, dada. Hiyo omena ndiyo dawa yake. Hao mashemeji wamechanga ngapi?

Mama Rehema, Nakuru: Pole mwenzangu. Wangu alilazwa Dubai, nikabaki kumsomea Zaburi kwa simu alfajiri. Mumeo mwenyewe anasemaje?

Nyar Nyalenda: Anataka uji wangu wa wimbi tu. Daktari amempimia kiasi cha maji ya kunywa, kwa hiyo nabeba kikombe kimoja, kwenye chupa ya chai.