Tupeane uzoefu: gari la kazi linakula kiasi gani kwenye biashara yako ya ufundi?

Fundi Jokofu

Wakuu, natengeneza majokofu na mashine za kufulia, kazi ya kumfuata mteja alipo. Kwa miaka minne gharama ya gari kwangu ilikuwa kitu kimoja tu: nimejaza mafuta ya kiasi gani. Mteja namtoza nauli, inafidia mafuta na kidogo juu, basi naona usafiri umejilipa. Halafu giaboksi ikafa. Faida yote niliyodhani nimeipata kwa miezi mitano ikaingia gereji, na wiki mbili nikawa nakodi gari la mtu.

Ndipo nikanunua daftari la jalada gumu, nikaliweka kwenye mfuko wa mlango wa dereva, kalamu nimeifunga kwa uzi isipotee. Kila safari naandika kilomita za kuanzia na za kumalizia, saa niliyotoka, saa niliyofika, nimekwenda kufanya nini. Kurasa za nyuma ni za pesa inayotoka: mafuta, oili, tairi, bima, maegesho, faini, balbu, hata kuosha. Mwisho wa mwaka nikaongeza mstari ulioniuma kuliko yote: bei ambayo gari lingeuzwa mwanzo wa mwaka, toa bei ambayo lingeuzwa siku ile. Hiyo tofauti nimeitumia, ingawa hakuna siku niliyoitoa mfukoni.

Mafuta yalikuja kuwa kama theluthi moja ya jumla. Lakini kilichonishtua zaidi kilikuwa kurasa za mbele. Karibu safari moja katika kila nne ilikuwa ya kurudi kwenye kazi ileile, kwa sababu spea sikuwa nayo au nilikosea kutambua ubovu mara ya kwanza. Kuna siku nimeandika kilomita 34 kwa ajili ya kapasita ya kompresa, kitu kinachoenea kiganjani, na saa mbili za foleni juu yake. Mteja nimtoze nini hapo? Kosa si lake.

Leteni na zenu. Natamani kujua wenzangu mnahesabuje.

Magari Matatu

Mkuu, umegusa penyewe. Mimi nina mafundi wanaozunguka na magari, tunatengeneza pampu za maji na jenereta. Gharama za gari naziweka mafungu mawili. Kuna zinazokimbia pamoja na gurudumu: mafuta, oili, tairi, breki. Na kuna zinazokula hata gari likiwa limelala: bima, ada, riba ya mkopo, na sehemu kubwa ya kushuka thamani. Hili fungu la pili watu wengi hawalioni.

Mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, kila mwaka hutangaza kiwango cha kila maili kwa gari la biashara, ndani yake mna kushuka thamani, bima, matengenezo na mafuta. Wana kiwango kingine cha safari za matibabu, ambacho huhesabu gharama zinazobadilika peke yake, kama mafuta na oili. Mwaka 2024 kile cha biashara kilikuwa zaidi ya mara tatu ya hiki kingine. Anayemtoza mteja pesa ya mafuta tu ajipime hapo.

Gari langu la tatu lilikuwa linatoka siku mbili kwa wiki. Nilikuwa najisifu kwamba halisumbui, halili. Nilipogawa gharama zake za kulala kwa kilomita chache lilizotembea, kila kilomita yake ilikuwa ghali kuliko ya magari mengine mawili. Nikaliuza. Siku kazi zikizidi, nakodi.

Fundi Kiyoyozi

Naongezea uzito. Kwa miaka nilitembea na duka zima: mitungi ya gesi, mota kuukuu, mabomba ya shaba, sanduku la skrubu ambalo sikulifungua mwaka mzima, na ngazi juu ya keria usiku na mchana. Siku moja nikapita kwenye mzani wa magari. Lilikuwa limezidi uzito wake mtupu kwa zaidi ya kilo 300, bila kunihesabu mimi.

Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kila kilo 45 za ziada hupunguza umbali unaopata kwa lita ile ile kwa takriban asilimia 1, na gari dogo ndilo linaloumia zaidi. Keria nayo inakamata upepo, mwendo ukikolea ndiyo mbaya zaidi. Ila kwangu mafuta hayakuwa donda kubwa. Donda lilikuwa springi za nyuma zilizolala, pedi za breki zilizokwisha mapema, na tairi za nyuma zilizolika pembeni kwa sababu nilizijaza upepo kama gari halina mzigo. Kibandiko cha upepo kipo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Nilikuwa nakipita kila siku bila kukisoma.

Fundi Jokofu

Mkuu Kiyoyozi, hapo ndipo penye mtihani. Mimi narudi mara mbili kwa sababu spea haimo, wewe unabeba kila kitu na springi zinalala. Nilichofanya ni kuliuliza daftari lenyewe: katika zile safari za kurudi, ni spea gani zilinirudisha? Zilikuwa aina kama kumi na mbili tu, karibu zote ndogo: kapasita, relei, thamostati, pampu ya kutolea maji, kufuli ya mlango. Zote zimeenea kwenye sanduku moja la plastiki. Mota na kompresa zinakaa karakana, nazitoa nikishajua naziendea.

Waya na Soketi

Mimi fundi umeme. Kazi ya kwenda kutazama na kupiga bei naiendea kwa pikipiki, gari linatoka siku ya kazi yenyewe. Gharama imeshuka sana. Ila mvua na hatari ya barabarani ni gharama pia, sitaki kumdanganya mtu. Niliwahi kuanguka, nikakaa wiki tatu bila kushika koleo.

Mchomeleaji

Wakuu, tafadhali soma hili kama unaendesha gari lenye bima ya matumizi binafsi.

Niligongana na gari jingine nikienda kwa mteja, nyuma nimebeba mashine ya kuchomelea na mtungi. Sikuumia, namshukuru Mungu. Aliyekuja kukagua kwa niaba ya kampuni ya bima aliuliza swali moja: ulikuwa unakwenda wapi? Nikajibu ukweli, nakwenda kazini. Wiki chache baadaye barua ikaja: gari limekatiwa bima ya matumizi binafsi, ajali imetokea likiwa kwenye biashara, hatulipi. Nikalitengeneza langu na la mwenzangu kwa pesa yangu. Mashine ya kuchomelea iliyopasuka hata isingelipwa kwa vyovyote, maana vifaa vya kazi vinahitaji kuandikwa peke yake.

Kilichoniuma ni kwamba tofauti kati ya bima ile na ya biashara ilikuwa ndogo. Nilikuwa naokoa hela ya tairi moja kwa mwaka. Fungueni karatasi zenu leo, tafuteni mstari unaosema matumizi ya gari. Kama hauuelewi, uliza, na jibu ulipate kwa maandishi.

Mhasibu wa Karakana

Natunza vitabu vya karakana ya mume wangu. Kila Jumamosi nasoma kilomita za wiki, nazidisha kwa kiwango tulichojiwekea, na hela hiyo naihamishia akaunti ya pembeni. Ni ya gari tu. Mwanzoni tuligombana, yeye aliiona kama hela iliyofungiwa bure.

Kisha kitabu cha gari kikatuambia muda wa kubadili mkanda wa taimingi umefika. Kwenye injini nyingi ule mkanda ukikatika, pistoni zinagonga valvu, na hapo unafungua injini nzima. Zamani tungesema bado linaenda, tusubiri kidogo. Safari hii hela ilikuwepo. Tulibadili mkanda, na pampu ya maji pia, kwa kuwa gereji ilikuwa imeshafungua upande ule. Asubuhi ya pili gari likarudi kazini.

Mgeni wa Spana

Nimesoma yote, asanteni. Ndiyo kwanza naanza. Swali: mteja mnamweleza vipi? Nikitaja gharama halisi ya kufika, wanaona nimewakatia mbele.

Fundi Jokofu

Ndugu yangu, mimi nimeacha kuiita hela ya mafuta. Nikiiita hivyo, mteja anapiga hesabu ya lita na anaona nimemwibia. Naiita ada ya kufika na kuchunguza, naitaja kwenye simu kabla sijatoka, na ndani yake mna kilomita za kwenda na kurudi pamoja na muda wangu wa njiani. Wapo wanaokata simu. Kazi hizo zamani nilizifanya kwa hasara na sikujua.

Na kuna jambo dogo lililonisaidia kuliko yote. Kabla sijawasha gari namwomba mteja apige picha ya kibati chenye namba ya modeli. Kwenye jokofu mara nyingi kipo ndani, ubavuni. Kwenye mashine ya kufulia kipo pembezoni mwa mlango ukiufungua. Namwomba pia video fupi yenye sauti ya ule ubovu. Tangu nianze hivyo, safari za kurudi zimeshuka hadi kama moja katika kumi. Sasa napanga na siku kwa pande: wateja wa upande mmoja siku moja, asiye na haraka namwomba asubiri siku ya upande wake.

Kesho nina kazi tatu njia moja. Picha za vibati viwili zimeshafika, ya tatu naisubiri usiku huu ndipo nifunge sanduku.