MREJESHO: Kizibao cha mgongo chenye sensa, kilichokuwa kinavuta hata ukitembea

Wakuu, asanteni sana. Swali langu lilikuwa kuhusu kizibao cha kusaidia mgongo unapoinama na kunyanyua mzigo, chenye mipira inayovutika mgongoni iliyounganishwa na mikanda ya mapajani: kinavuta wakati wa kutembea, na mikanda ya mapajani inapanda hadi kwenye kinena kila ukiinama.

Ushauri wa kusawazisha upya sensa (kifaa kinachopima umeinama kiasi gani) ndio uliomaliza tatizo la kwanza. Vaa kizibao, kaza mikanda yote, simama wima kabisa, ndipo ubonyeze kitufe. Kikisawazishwa kikiwa mezani, sensa inahesabu mlalo ule kuwa ndio kusimama, na klachi (kishikio kinachoukamata na kuuachia mpira) inashika mpira mapema mno. Sasa mpira unalegea ukitembea na kukaza ukianza kuinama, raha tupu!

Mikanda ya mapajani nimeishusha hadi vidole vinne juu ya goti. Paja hunenepa kuelekea juu, hivyo mkanda ukivutwa unakwama. Kwa suruali ya kitambaa kinachoteleza bado unapanda kidogo.

Kilichoshindikana ni kunyanyua mzigo huku umejipinda. Mipira imepita wima mgongoni, haizuii kiuno kuzunguka. Hapo geuza miguu kwanza, kisha nyanyua.