Sina pesa sina cheo, nisaidie vipi hapa mtaani?

muuza_nyanya: Jamani mie nauza nyanya soko la Kongowea, Mombasa, saa tisa nishafunga, nataka kufanya kitu cha watu lakini kila nikiuliza naambiwa changa. Nichange nini sasa?

bin_tudor: Yakhe toa damu. Ukiwa na kilo 50 na uko mzima wa afya, wanatoa chini ya nusu lita, mwanamume unarudi baada ya miezi 3, mwanamke 4. Mie mara ya kwanza sindano niliiogopa nikakodolea ukuta mpaka mwisho, nikapewa soda na biskuti, yakaisha.

mama_watatu: Damu sawa, lakini na mikoko pia. Huku kriki ya Tudor tunapanda, ile mbegu ndefu mfano wa bamia waichomeka kwenye tope ncha chini, basi, haina ufundi. Ila vaa viatu vibovu manake chaza wakata kweli kweli.

bin_tudor: hahaha champali yangu moja iko huko huko topeni mpaka leo

muuza_nyanya: Mama, mwaenda siku gani? Jumapili nina nafasi, na sindano ntaifikiria